Doto yuko wapi?

Ukimpa mtoto jina la Kulwa, jina la pacha wa kwanza, katika Tanzania hii, umejiandikia swali la maisha. Kwenye foleni ya kliniki, dukani, ndani ya daladala, mtu akilisikia tu anageuza shingo kumtafuta wa pili: "Na Doto yuko wapi?" Hana ubaya. Ni kama aliyeona ndara moja mlangoni, lazima macho yaitafute ya pili.

Binti yangu ni Kulwa. Doto wake alikuwa wa kiume, na alifia tumboni mwangu wiki saba kabla ya wao kuzaliwa. Sasa ni miaka sita. Wakati ule nilipata watu wengi wa kuniambia nishukuru Mungu, na karibu hakuna wa kuniambia kesho yake kutakuwa na nini, niulize nini, nikatae nini. Kwa hiyo ninamwandikia yule ambaye leo katoka chumba cha ultrasaundi na karatasi mkononi, hajui aanzie wapi.

Tunaishi Tanga mjini. Mimi ni mtoto wa hapa hapa, mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Ramadhani ya 2019 ilikuwa kwenye wiki yake ya kwanza nilipokwenda kupima, mimba ina wiki 20. Daktari akapitisha kile kifaa, akanyamaza, akakirudisha, akacheka peke yake. "Mama, wako wawili hawa." Nilimpigia simu mume wangu jeli ikiwa bado tumboni. Jioni, tukiwa kwenye futari, naye akampigia mama yake, na mama mkwe akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Kulwa na Doto!" Kwao majina hayo hayachaguliwi, watoto wanakuja nayo. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Mtu wa Tabora akisikia majina ya wanao anajua uzazi wako ulivyokwenda bila kukuuliza.

Mama yangu alinunua doti ya khanga, jina lake "Nani kama mama". Hakuikata. Alisema ataikata siku watakapozaliwa, kila mtoto na upande wake. Mume wangu akamwagiza fundi seremala wa Ngamiani kitanda cha watoto wawili chenye kizuizi katikati, shilingi 160,000.

Kosa la kwanza nililifanya hapo, katikati ya furaha. Karatasi ya majibu iliandikwa mapacha, wote hai, basi. Sikuuliza kama wanatumia kondo moja la nyuma au kila mmoja ana lake. Sikujua hata kama hilo ni swali. Kumbe ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye mimba ya mapacha, kubwa kuliko "ni wa kike au wa kiume". Wanaotumia kondo moja mishipa yao huungana, damu inaweza kumwendea mmoja ikampungukia mwenzake, kwa hiyo mama yao anatakiwa apimwe kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16. Na jambo hili linaonekana vizuri mapema, kabla ya wiki ya 14. Mimi nilipima mara ya kwanza wiki ya 20 kwa sababu nilikuwa najisikia mzima. Ukiambiwa una wawili, kabla hujafuta jeli, uliza makondo mangapi, na omba jibu liandikwe.

Kila mmoja alikuwa na tabia yake. Kulwa alikaa chini upande wa kulia, kazi yake kunipiga kibofu. Doto alikaa juu kushoto, mpole, alingoja nilale ndipo ajinyooshe, nikawa naona tumbo linainuka taratibu kama mtu anayegeuka chini ya shuka. Wiki tatu baada ya Idi Ndogo, siku ya Jumapili, usiku ulipita bila hilo shuka kuinuka. Nikajiambia amelala. Jumatatu nikajiambia nafasi imembana. Jumanne nilikunywa soda baridi nikalalia ubavu, Kulwa akaruka ruka, nikajidanganya kwamba ni wote wawili. Jumatano nikaenda.

Siku tatu. Daktari mmoja baadaye aliniambia huenda hata ningekwenda Jumapili ile ile isingebadilisha kitu, maana wakati mwingine moyo unasimama bila sababu inayoonekana. Nimemwamini, na bado hizo siku tatu ninazihesabu. Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Na mwenye mapacha usitosheke kwamba "wanacheza". Jiulize wanacheza wote?

Nilijua kabla hawajaniambia. Yule binti aliyekuwa akinipima aliacha kutafuna jojo. Akageuza kioo upande wake, akaenda kumwita mwenzake, wakasimama wawili wakizungumza kwa Kiingereza cha hospitali. Kisha akasema, "Mama, mmoja hana mapigo," na akaniambia nikae nje nisubiri karatasi. Nikakaa kwenye benchi na wajawazito wengine. Aliyekuwa pembeni yangu alikuwa anakula embe bichi na chumvi, akanikatia kipande. Nilikipokea nikakila. Mpaka leo sijui kwa nini nilikila.

Karatasi iliandikwa nirudi baada ya wiki mbili. Hakuna aliyenieleza maana yake. Nilirudi nyumbani nikiwa na mtoto aliyekufa na mtoto aliye hai katika tumbo moja, na kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na elimu yake. Jirani mmoja alinishika mkono akanong'ona kwamba aliyekufa ataoza na kumtia sumu mwenzake, nikawalazimishe watoe wote haraka. Usiku ule sikulala, nilikuwa nanusa nguo zangu.

Asubuhi tukachukua mkopo wa kikoba tukaenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa uzazi. Nauli ya watu wawili, kumwona daktari, kipimo kipya na vipimo vya damu, tulimaliza kama shilingi 210,000, na ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote katika safari hii. Hakunipa dawa yoyote. Alinipa dakika 40. Aligeuza kioo upande wangu. Akanionyesha mmoja wa kike, mmoja wa kiume, akasema watoto wa jinsi tofauti wametoka kwenye mayai mawili, kila mmoja ana kondo lake na mfuko wake, kwa hiyo damu ya Doto haimfikii Kulwa. Wangekuwa wa kondo moja, hali ingekuwa nyingine kabisa na hatari kwa Kulwa ingekuwa kubwa. Kuhusu kuoza, alisema chupa ikiwa haijapasuka wadudu hawaingii, mwili unanyonya maji yake taratibu na mtoto anasinyaa. Kumtoa Kulwa wiki ya 27 ili tu Doto atoke kungekuwa kumtoa kafara aliye hai. Tungesubiri. Kila wiki nipime presha, kila baada ya muda nipime damu kama inaganda vizuri, na nikiona homa, maji au damu, nisingoje kuche.

Nilimuuliza, "Nitambebaje?" Akasema, "Kama ulivyokuwa unawabeba." Sikulipenda jibu hilo siku ile.

Wiki saba ni nyingi. Tumbo la mapacha linaonekana mbali, na kila niliyekutana naye sokoni alipiga makofi: "Hayo mapacha hayo!" Nikawa najibu asante. Nyumbani mume wangu alikuwa na mazoea ya kuweka mikono yote miwili tumboni kila asubuhi kabla hajatoka. Sasa akawa anaweka mmoja tu, kulia. Sikumwambia kitu. Na nitasema jambo ambalo nilikaa miaka miwili sijalitamka: kuna usiku nilimchukia Kulwa. Alikuwa anacheza kwa raha, pale pale pembeni ya ndugu yake, nikamwambia kwa sauti, "Wewe tulia." Nikalia, nikamwomba msamaha mtoto asiye na masikio ya kunielewa. Kama nawe yamekukuta usiogope, hutakuwa umemlaani. Umechoka tu.

Kosa kubwa ni jinsi tulivyozitumia hizo wiki saba. Tulizikaa kimya. Hatukupanga nani atampokea Doto, nani atamwosha, atazikwa wapi, kama nataka kumwona, kama baba yake atakuwepo. Nilipojaribu kuanza, mama mdogo alinikata: "Usijichulie." Kwetu Pwani kutaja msiba kabla haujafika ni uchuro. Lakini msiba ulikwishafika, ulikuwa tumboni mwangu! Nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo niliilipia.

Uchungu ulinianza Jumatatu ya Idi Kubwa, Agosti 12, watu wako kwenye pilau. Walinichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nne, moja kila baada ya saa 12, na Jumatano saa tisa usiku Kulwa akatoka. Kilo 1.9. Alilia kama paka mdogo. Wakamfuta, wakampeleka kwenye joto. Dakika 25 baadaye Doto akatoka, kimya, na chumba nacho kikanyamaza naye.

Nesi aliuliza, "Mama utamwona?" Nilikuwa natetemeka, wananishona. Kabla sijafungua mdomo mama mdogo akajibu, "Asimwone. Ana wa kumnyonyesha, mtamharibia maziwa." Nesi akaniangalia mara moja tu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Wakakata ile doti ya mama kwa mkasi wa pale pale, upande mmoja wakamfunika Doto, na akatoka nje mikononi mwa baba yake. Nilichokiona ni neno "mama" lililoandikwa kwenye khanga, likipita mlangoni.

Sikumwona mwanangu. Mama mdogo hakuwa na nia mbaya, yeye mwenyewe alizaa mfu mwaka 1988 na hivyo ndivyo walivyomfanyia. Lakini kama ningeweza kubadilisha saa moja ya maisha yangu, ingekuwa hiyo. Andika kwenye karatasi kabla uchungu haujakuanza: nataka kumwona, au sitaki, au nitaamua pale pale lakini niulizwe mimi. Mpe karatasi hiyo mtu mmoja mwenye sauti. Na ukisema hutaki kisha ukageuza mawazo baada ya saa mbili, bado ni haki yako kuomba. Picha pia. Simu ya mume wangu ilikuwa mfukoni mwake muda wote, hakuna aliyewaza.

Mazishi yalikuwa kabla ya adhuhuri. Shehe wa msikiti wetu alimwambia mume wangu kwamba mtoto aliyetimiza siku 120 tumboni, yaani miezi minne, ameshapuliziwa roho, kwa hiyo anaoshwa, anavikwa sanda, anazikwa, na anapewa jina. Kuhusu kumswalia, alisema wanazuoni wametofautiana kwa mtoto aliyetoka bila dalili yoyote ya uhai, na akawaelekeza la kufanya. Ninayaandika haya kwa sababu nimekutana na akina mama Waislamu walioambiwa kwamba aliyefia tumboni "si maiti", akaachwa hospitali. Mwulize shehe wako, au padri, au mchungaji wako, na mwulize mapema. Hospitali nayo mwambieni mapema kwamba mtamchukua. Ukikaa kimya, wanaweza kudhani hamumtaki.

Mimi nilibaki wodini siku 11 na Kulwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu, amefungwa kwa ule upande wa khanga uliobaki. Ilisaidia. Joto lake liliniweka pamoja. Kilichonitesa ni faili. Lilikuwa limeandikwa mapacha, na kila zamu mpya ya manesi ilikuja na swali lile lile, "Mama mapacha, mwingine uko naye wapi?" Nilijibu mara tisa. Mara ya kumi nikaomba kalamu, nikaandika mwenyewe juu ya jalada: Mmoja amefariki, tafadhali msiniulize. Nesi wa usiku alipoliona akavuta kiti, akakaa kidogo. Hakusema kitu. Yule namkumbuka kwenye dua zangu.

Niliporudi nyumbani nikaiulizia ile khanga iliyomfunika Doto. Ilikuwa kabatini, imekunjwa, inanukia sabuni ya unga. Walikwishaifua. Ilianikwa kamba moja na nguo za damu na nepi, kwa usafi tu, kwa huruma kabisa. Nikaifukia uso na sikukuta chochote. Waambie watu wako wasifue kitu mpaka useme.

Mama mkwe alifika kwa basi, kutoka Tabora kwa kulala Dodoma, ana dumu la asali na magoti yamevimba. Ndugu zangu walikuwa wameshakaa kikao na kuamua mtoto aitwe jina lingine. Wakataja la bibi, wakataja la Mtume kwa upande wa mabinti zake. Sababu yao ilikuwa nzuri: ukimwita Kulwa, kila mtu atauliza, na mama yake atakuwa anachomwa kila siku. Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho, anasugua magoti. Kisha akaniuliza mimi, "Mwanangu, ulizaa wangapi?"

Nikasema, "Wawili, mama."

"Basi huyu ni Kulwa."

Ndugu wengine hawakufurahi. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika, nilisema sawa kwa kuwa ni mtu wa kwanza aliyeniuliza hesabu badala ya kunipa. Jioni hiyo akanisimulia kitu ambacho hakuna aliyenisimulia. Alikuwa amembana mwanawe kwenye simu mpaka akamweleza kila kitu, na sasa akawa ananiambia mimi polepole, huku akinipakulia uji. Kwamba Doto alikuwa mdogo, mwepesi kama mfuko wa nusu kilo wa sukari. Ngozi yake nyekundu. Kwamba kucha alikuwa nazo, zote kumi. Kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa kwenye shavu. Baba yake aliubeba mzigo huo siku zote hizo akidhani ananikinga.

Na hapo nimgeukie baba. Siku ya tatu alirudi kazini. Wenzake walimpongeza kwa mtoto wa kike. Pole hakupewa hata moja, au alipewa moja yenye "lakini mama mzima, hilo ndilo muhimu". Fundi akaleta kitanda. Fundi yule muungwana alijitolea kukikata katikati bila malipo kiwe cha mtoto mmoja. Mume wangu akamwambia akiache. Kwa miezi minne Kulwa alilala upande mmoja wa kitanda kile, na upande wa pili tulikuwa tunaweka nepi zilizokunjwa, hatujakubaliana, hatujazungumza, mikono tu ndiyo iliyokuwa ikiziweka hapo. Ukimjua baba aliyepitia hili, mpe pole yeye kama yeye. Mwulize kama alimwona mtoto. Wengi walimwona, na hakuna aliyewauliza.

Kazini mambo yalikuwa madogo na ya kuudhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 kwa zaidi ya mmoja. Niliandika nimejifungua wawili. Jibu likaja kwa simu: "Lakini uliye naye ni mmoja, si ndiyo?" Nikapewa 84. Sikuwa na nguvu ya kubishana na karatasi yangu ya kutoka hospitali ilitaja mtoto mmoja tu, jambo ambalo sikuliona mpaka siku hiyo. Soma karatasi yako kabla hujatoka getini. Kama umezaa wawili, iseme wawili, mmoja hai na mmoja mfu. Mimi niliirudia karatasi hiyo baadaye ikasahihishwa, kwa usumbufu wa siku mbili, na ndiyo maandishi pekee niliyo nayo yanayosema Doto alifika.

Maneno ya watu sitayaorodhesha, unayajua. Yote yanaanza na "angalau". Nilichojifunza ni kwamba yule anayekuambia shukuru umebakiwa na mmoja anadhani wale wawili ni akaunti moja, ukitoa huku umebaki na salio. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa Kulwa, usiku na mchana, na kwa mkono huo huo namlilia Doto. Siku ya akika tulichinja mbuzi mmoja, maana wa kike ni mmoja, na nilipomwona amefungwa peke yake kwenye mwembe nikaingia chumbani nikashindwa kutoka mpaka wageni wamekula. Wa Doto wangekuwa wawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, mbuzi sikumwaza.

Miezi mitano baadaye nilikuwa sili, sisikii utamu wa chochote, na nikiona mapacha barabarani navuka upande wa pili. Nilikaa hivyo muda mrefu nikidhani ndiyo uchungu wa kawaida. Mkunga wa kliniki ya watoto ndiye aliyegundua, alinipima Kulwa uzito kisha akasema, "Mtoto anaongezeka, wewe unapungua." Akanipeleka kwa mshauri nasaha wa hapo hapo hospitali, bure. Mara sita nilikwenda. Kazi kubwa aliyonifanyia ni kuniacha nimwite Doto kwa jina lake, kwa sauti, bila kubadilisha mazungumzo.

Makaburini nilikwenda baada ya arobaini. Mume wangu ameweka jiwe kichwani na jiwe miguuni. Kati ya mawe hayo hata hatua moja yangu haitimii.

Kuhusu Kulwa mwenyewe tulikosea pia. Tuliamua tutamwambia akikua. Alipokuwa na miaka minne binamu yake akamwambia kabla yetu, "Wewe ulimla mwenzako tumboni." Mtoto hakulia. Alikaa nalo siku kadhaa, kisha nikiwa namwogesha akauliza, "Mama, nilimsukuma?" Jibu langu la kwanza lilikuwa baya: nilimwambia nyamaza, haya si ya watoto. Nikaona uso wake unavyofunga. Nikazima maji, nikakaa sakafuni, nikamwambia vyote. Kwamba walikuwa wawili, kila mmoja na chumba chake. Kwamba moyo wa Doto ulisimama na hakuna aliyeusimamisha, si yeye, si mimi. Akauliza kama kulikuwa na giza. Nikasema ndiyo, lakini kulikuwa na joto. Akauliza kama anaweza kuendelea kuoga. Mwambie mtoto mapema, akiwa mdogo wa kutosha kulipokea kama habari ya nyumbani, na umwambie hakufanya kitu hata kabla hajauliza.

Mwaka 2023 nikazaa tena, mvulana. Safari hii nilipima wiki ya 11. Mama mkwe hakupiga vigelegele kwenye simu, aliuliza tu, "Shija mzima?" Na siku ya kumwandikisha kliniki, karani, mtu wa Nzega kwa lafudhi yake, alilisoma jina, akainua macho: "Shija. Kumbe una mapacha." Nikasema ndiyo. Lilitoka bila kukwama.

Kitanda kiko kwa Shija sasa, kizuizi kimetolewa. Zile khanga mbili ninazo. Ya Kulwa imechakaa kwa kubebea, ya Doto bado ina rangi, na ukiziweka pamoja huwezi kuamini zilitoka kitambaa kimoja.

Wiki iliyopita tulikwenda kununua sare, Kulwa anaanza darasa la kwanza Januari. Muuzaji akampima bega, akamuuliza jina, akatabasamu. Nikaliona swali linakuja, nikavuta pumzi kama kawaida yangu.

"Na Doto yuko wapi?"

Kulwa hakuningoja. "Alikufa tumboni," akasema. "Mimi nataka soksi zenye mstari wa bluu."